Mtaalamu wa mizizi ya meno aje na darasa

Mheshimiwa Mhariri,

Nimesoma makala yenu iliyoiomba serikali ya mkoa wa Haut-Katanga ilipie madaktari vijana wachache waende ng'ambo kusomea utaalamu wa kutibu mizizi ya meno. Ombi naliunga mkono. Kilichonikera ni ile ndoto ya mwisho wa makala, kwamba wakirudi mji wetu utapata kabineti, yaani kliniki za meno, za kisasa. Mimi natibu meno Katuba, hapa Lubumbashi. Kabineti ya kisasa katikati ya mji, yenye kiyoyozi na bei ya dola, haitamgusa mgonjwa wangu hata mmoja. Yule wa kwanza atakayerudi apewe chumba, viti viwili vya matibabu na madaktari wa kuwafundisha.

Nieleze kidogo kazi yenyewe, kwa sababu watu wengi huiita kuua neva na kudhani inaishia neva inapokufa. Kwa kweli hapo ndipo inapoanza. Mwaka 1965 Kakehashi na wenzake, huko Marekani, walitoboa meno ya panya waliolelewa bila kijidudu chochote. Viini vya meno hayo, yaani nyama laini ya ndani yenye neva, vikajiponya, huku vya panya wa kawaida vikioza. Tangu hapo hakuna ubishi kwamba adui ni bakteria, na kwamba kutibu mzizi ni kazi ya usafi kuliko kitu kingine chochote. Mate yasiingie ndani ya jino: ndiyo maana Barnum, daktari wa New York, alianza kulitenga jino kwa kipande cha mpira mwaka 1864. Zaidi ya miaka 160 imepita, na bado naingia kabineti za wenzangu nisione hata kipande kimoja cha mpira huo. Dawa ya kuoshea mifereji iliyo ndani ya mizizi nayo ni ndugu wa javel, dawa ya madoa tunayofulia mashati. Inafanya kazi vizuri sana, ila ukiisukuma kwa nguvu ikapita ncha ya mzizi, uso wa mgonjwa unavimba mbele ya macho yako. Nguvu ya kidole kwenye bomba la sindano hujifunzi kwa kusoma. Mtu lazima asimame nyuma yako akuambie: taratibu.

Hivi karibuni alikuja mama anayeuza unga katika soko la Mzee. Gego la chini, kushoto, lilikuwa na shimo kubwa lakini kuta tatu bado nzima. Usiku hakulala. Kabla sijashika hata kioo aliniambia: "Dokta, unitoshe tu hii lino, minachoka." Nilimweleza kwamba linaweza kubaki. Akauliza bei. Akauliza atarudi mara ngapi. Kisha akauliza kama ninamhakikishia halitauma tena, na hapo nilibanwa. Lingekuwa jino la mbele la juu, lenye mzizi mmoja ulionyooka, ningemjibu bila kusita. Lakini eksirei ilionyesha mzizi wa mbele wa gego hilo, wenye mifereji miwili, umepinda vibaya. Tupa nambari 10, kisindano cha kukwangulia mfereji, ina ncha ya sehemu moja ya kumi ya milimita. Ilibidi iingie mle, ipinde pamoja na mfereji, ifike karibu na mwisho na itoke bila kukatika, na baada yake zifuate nambari 15, 20, 25, huku nikisali SNEL, shirika la umeme, wasikate umeme kabla sijapiga picha ya pili. Nikamwambia ukweli: labda. Mama hakuja kwangu kununua labda. Gego lilitoka, akalipa, akashukuru, akarudi kwenye unga wake.

Katika kabineti kama yangu hali ni hiyo kila wiki, na si kwa sababu madaktari ni wavivu. Wengi wetu tulisomea Kinshasa, zaidi ya kilomita 1,500 kutoka hapa. Tulijifunza magego tukiwa tumebanana nyuma ya bega la mwalimu, kila mmoja akitafuta pembe ya kuchungulia mdomo wa mgonjwa. Wengine gego lao la kwanza kulifungua kwa mkono wao lilikuwa la mtu aliyekwisha kulipa.

Matokeo yake nayaona kila mara. Kijana anakuja na kipele cha usaha kwenye fizi, jino alilotibiwa mahali fulani zamani. Eksirei inaonyesha ujazo umeishia katikati ya mzizi. Au ni gego la kwanza la juu, ambalo lina mizizi mitatu lakini mara nyingi mifereji minne. Ule wa nne umejificha kwenye mzizi wa mbele upande wa shavu, mwembamba kama unywele, na asiyejua upo hautafuti. Marekani programu za utaalamu huu zilianza kulazimishwa kufundisha kwa hadubini mwishoni mwa miaka ya 1990, kwa ajili ya vitu vya namna hii hasa. Meno kama hayo ndiyo yanamhitaji mtaalamu, na hapa sina pa kuyapeleka. Wenye uwezo wanavuka mpaka wa Kasumbalesa kwenda Zambia. Wengine tunawang'oa.

Sasa, wapi waende? Makala yenu ilitaja Ulaya kana kwamba hakuna pengine. Ufaransa na Ubelgiji, ambako tumeazima karibu mfumo wetu wote, hazina utaalamu rasmi wa mizizi ya meno. Ufaransa inatambua fani tatu tu za udaktari bingwa wa meno: kupanga meno, upasuaji wa kinywa na tiba ya kinywa. Mizizi inasomewa kwa diploma za vyuo. Sisemi madaktari wao ni wabaya, la hasha. Marekani waliutambua utaalamu huu mwaka 1963 na mafunzo yake hayapungui miaka 2. Uingereza ni miaka 3. India nako shahada ya uzamili ni miaka 3, na wao huiweka tiba ya mizizi pamoja na uzibaji na urejeshaji wa jino katika idara moja. Mimi nachagua India. Gego lililosafishwa mizizi likaachwa bila taji, kofia ya kulifunika, huweza kupasuka wakati wa kutafuna kisamvu chenye kijiwe, na mgonjwa hatajali kwamba mifereji ilijazwa vizuri. Daktari anayejua mizizi tu huku akingoja mwingine afunike jino hatufai sisi wa mji huu, ambako huyo mwingine hayupo.

Akirudi, mpango wangu ni huu. Asubuhi anatibu yale magego ambayo sisi wa komini za Katuba, Kenya, Ruashi na Kampemba tumeshindwa, na aliyempeleka mgonjwa anakuja naye, anakaa pembeni, anashika mpira. Mchana ni mazoezi, na vifaa vya kuanzia tunavyo tele: meno tuliyong'oa. Yasafishwe na kuuliwa vijidudu, yapandikizwe kwenye plasta, kila daktari afungue, apime urefu, ajaze, apige eksirei, kisha alipasue jino katikati aone alichokiacha ndani. Hakuna mwalimu mkali kuliko jino lako mwenyewe lililopasuliwa. Mwaka mzima, siku mbili kwa wiki, bila kufunga kabineti yako wala kuhama nyumba.

Kuna utafiti wa Marekani wa mwaka 2004 uliofuatilia meno zaidi ya 1,400,000 yaliyotibiwa mizizi. Baada ya miaka 8, 97% yalikuwa bado mdomoni. Wengi huunukuu kuusifia utaalamu, wakisahau kwamba miongoni mwa waliotibu meno hayo walikuwamo madaktari wa kawaida pia. Walikuwa wamefundishwa, walikuwa na eksirei, walikuwa na mpira, na walikuwa na mtu wa kumpelekea lililowashinda. Hivyo vinne ndivyo ninavyovidai.

Najua nitajibiwa kwamba mtu aliyesoma miaka 3 hatakubali mshahara wa mwalimu, na wanaolijua bahasha la serikali wanacheka tayari. Basi aachiwe alasiri zake kwa wagonjwa binafsi, alipwe na ada za sisi tunaojifunza, maana mimi nitalipa. Gharama ya kuwang'oa watu wa miaka thelathini kisha kuwauzia meno bandia ya kuvua na kuvaa tunaibeba tayari, ila haiandikwi kwenye bajeti ya mtu yeyote.

Ombi langu kwa wahusika ni kwamba sharti la kufundisha liandikwe kwenye mkataba kabla tiketi haijakatwa: miaka mitano, Lubumbashi, siku zitajwe. Viti viwili na mashine ya eksirei viagizwe wakati kijana yuko bado masomoni, kwa sababu sote tunajua mzigo unavyolala Kasumbalesa. Na ninyi, Mhariri, mkataba huo ukisainiwa, uchapisheni.

Daktari wa meno,
Komini ya Katuba, Lubumbashi