Barua kwa Mbwana: nunua mizani kabla ya kombe

Ngamiani, Tanga

Sahibu yangu Mbwana,

Assalaam alaykum. Barua yako nimeipata kwa mkono wa Bakari, pamoja na zile kanuni ulizoandika kwa ajili ya mashindano ya pikipiki huko Bagamoyo. Nimezisoma zote. Nimefurahi sana kusikia mmepata kibali cha kufunga barabara mchana, vijana wakimbizane mbele ya askari na gari la wagonjwa badala ya kukimbizana usiku njia ya Msata. Kwa hilo Mungu akulipe. Lakini ukurasa wa tatu, pale ulipogusia habari ya uzito, umeninyima raha, na ndiyo maana nakuandikia kirefu.

Umeandika kwamba pikipiki zitapimwa asubuhi tu, bila mpandaji, na atakayepungukiwa kilo mbili atasamehewa. Mbwana, kwa kanuni hiyo mshindi wako atakuwa mtoto wa miaka kumi na miwili.

Hebu piga hesabu. Pikipiki ya bodaboda ya kawaida ina kilo 115 hivi. Akikaa juu yake mtu wa kilo 75, yeye peke yake ni karibu sehemu mbili kwa tano za mzigo wote ambao injini inausukuma. Mtoe huyo, mweke mtoto wa kilo 40: umepunguza kilo 35 bila kufungua boliti hata moja. Sasa tazama wenzetu wa Marekani, kwenye mbio za kitaalamu za magari mawili mawili katika mstari ulionyooka. Gari la daraja la Pro Stock haliruhusiwi kuwa chini ya paundi 2,350, yaani kama kilo 1,066, na humo dereva amehesabiwa. Dereva wa kilo 75 katika gari hilo ni asilimia saba tu ya uzito wote, na bado hawakubali abaki nje ya mizani. Sisi ambao mtu ana uzito mkubwa hivyo juu ya chombo, ndio tumwache nje? Mwenye pikipiki zake tatu atatafuta kitoto chepesi, atakipa nauli na soda, na hicho ndicho kitakachopita mbele yako kifua kimelala juu ya tangi. Sitaki kuisikia habari hiyo ikitoka Bagamoyo, na najua nawe hutaki.

Tena si mtoto tu. Uzito wa mtu na chombo pamoja usipokuwa na kiwango cha chini, kila kinachoweza kufunguliwa kitafunguliwa. Hapa gereji vijana wanaojiandaa kushindana hunijia wakitaka niwavulie madigadi, stendi, taa, kisha wanafika kwenye breki ya mbele. Breki ya mbele! Ukimuuliza kwa nini, anakujibu kwamba inaongeza kilo na yeye anataka kwenda, hataki kusimama. Ukiwa na kiwango kinachomjumlisha mtu na kofia yake na viatu vyake, hoja hiyo inakufa yenyewe, kwa sababu kilo atakazozitoa kwenye breki itambidi azirudishe kwa chuma kitupu. Nani atavua breki ili afunge kipande cha chuma?

Kuna na suala la fedha. Kwenye mbio kubwa, kupunguza uzito ni kununua: titani mahali pa chuma, nyuzi za kaboni mahali pa bati. Bila kiwango cha chini, anayeshinda ni mwenye mfuko mrefu. Dau la mnyonge haliendi joshi, tunajua, lakini kanuni ya uzito ni mojawapo ya mambo machache yanayoweza kulisogeza kidogo, na wewe ndiye unayeiandika.

Sasa nije kwenye wakati wa kupima, maana hapa ndipo tunapotofautiana hasa. Chama kinachosimamia mbio zile Marekani kinaitwa NHRA. Wally Parks alikianzisha mwaka 1951, na lengo lake lilikuwa kama lako, kuwatoa vijana barabarani na kuwapeleka penye uwanja na kanuni. Kule gari likishamaliza mbio halirudi kwanza kwa mafundi wake. Linapitia mizani, na dereva akiwa na mavazi yake yote. Likikutwa limepungua siku ya kufuzu, muda ule unafutwa. Likikutwa limepungua kwenye mtoano, ushindi umepotea hata kama alimwacha mwenzake mbali.

Kwa nini baada ya mbio? Kwa sababu chombo kinachomaliza sicho kilichoanza. Yale magari marefu ya Top Fuel, yanayovuka kilomita 530 kwa saa ndani ya mita 305, yanakunywa mafuta ya nitromethani makumi ya lita kwa safari moja, ukijumlisha na yale ya kuzungusha na kuchoma tairi kabla ya kuanza ili zishike barabara. Lita moja ya nitromethani inazidi kilo moja. Fundi wao anapaswa kukisia mapema ni kilo ngapi zitaungua, kisha aongeze za tahadhari. Pikipiki zetu haziunguzi kitu cha maana kwa mita mia mbili, hilo nakubali. Lakini ukipima asubuhi tu, kati ya asubuhi na mstari wa kuanzia kuna kivuli cha mwembe, kuna spana na kuna marafiki. Chuma kilichopimwa saa mbili kitakuwa chini ya mwembe saa nane.

Umeniuliza kama si ukatili kumwengua mtu aliyeshinda kwa sababu ya kilo moja na nusu. Nitakupa mfano kutoka Formula 1. Mwezi wa Julai 2024, kule Spa, Ubelgiji, George Russell alifika wa kwanza. Gari lilitakiwa lisipungue kilo 798, nalo likakutwa na 796.5. Akaenguliwa, ushindi akapewa Lewis Hamilton, wa timu ileile. Russell alikuwa ameendesha kwa kubadili tairi mara moja tu, na tairi zile zilikuwa zimelika sana, nazo tairi ikilika hupungua uzito. Timu ikakubali kwamba imekosea. Hakuna aliyeitwa mwizi. Hebu mlinganishe na timu ya Tyrrell, ya Formula 1 hiyohiyo, mwaka 1984. Wao walikuwa wakiongeza maji kwenye gari mbio zikikaribia kuisha, ili uzito ufike kwenye mizani, na ndani ya maji yale zikakutwa punje za madini ya risasi. Matokeo yao ya msimu mzima yalifutwa.

Hizo ni hali mbili tofauti na kanuni zako lazima zizitenganishe. Aliyepungukiwa, mnyang'anye ushindi wa mbio ile, basi. Usimtoze faini, usimtangaze kwa kipaza sauti kama mhalifu. Mwonyeshe namba kwenye mizani, mwonyeshe na mpinzani wake, waandike majina wote wawili. Aliyeficha au kudondosha uzito njiani, huyo asirudi tena. Mimi namwonea huruma sana yule wa kwanza, na ningeumia kumwambia, lakini aliyekuwa nyuma yake alibeba kilo zake zote mpaka mwisho, naye ana haki.

Kwa sababu hiyo ule msamaha wa kilo mbili ufute. Ukiandika kilo 200, mtu na pikipiki pamoja, na ukasamehe mbili, kufikia jioni ya kwanza kila fundi atakuwa anatengeneza pikipiki ya 198, halafu atakuja wa 197 na nusu akilia kwamba ni nusu kilo tu. Andika 200 na uishie hapo. Anayeogopa kupungukiwa abebe 203, ndivyo wanavyofanya wakubwa.

Nimechagua 200 kwa makusudi. Mtu wa kilo 85 juu ya pikipiki ya 115 anafika palepale, kwa hiyo hata mnene anaweza kushindana bila kujinyima chakula. Mwembamba ataongeza sahani za chuma, zifungwe kwa boliti na nati za kujifunga, chini na kuelekea mbele ili pikipiki isinyanyuke. Mfuko wa mchanga hapana, kamba hapana, na maji hapana kabisa. Weka pia kikomo cha chuma kisizidi kilo 25, na mpandaji asiwe chini ya miaka 18. Kanuni hizo mbili zikisimama pamoja, yule mtoto hana njia ya kuingilia.

Kuhusu mizani yenyewe, pikipiki haikai yote kwenye jukwaa moja la kupimia magunia. Tafuta ubao mnene, upime kwanza, andika uzito wake, kisha pandisha pikipiki juu ya ubao uliolala kwenye jukwaa na utoe hesabu ya ubao. Usipime gurudumu moja moja huku jingine liko chini sakafuni, pikipiki inainama na namba inadanganya. Mpandaji mpime peke yake, papo hapo, kabla hajanywa maji, na mtu asimshike bega. Mizani iwe juu ya saruji tambarare, upande usiopigwa na upepo wa bahari, iwe na stika ya Wakala wa Vipimo, na iwe wazi tangu asubuhi ili kila mtu ajipime mara apendavyo. Huwezi kumwengua mtu kwa mizani ambayo hakuwahi kuiona.

Kanuni nimeziandika upya nyuma ya karatasi zako kwa kalamu nyekundu. Mizani mnaweza kununua kwa fedha mliyotenga kwa kombe. Kombe dogo litatosha. Kama fedha haijapatikana, jirani yangu mwenye ghala amekubali kunikopesha yake ya jukwaa, inabeba mpaka kilo 300, ila anaihitaji irudi kabla ya mavuno ya machungwa Muheza. Nitaipakia kwenye basi la asubuhi mara utakaponiambia nani ataipokea stendi na ataibeba na nini, maana ni nzito.

Nisalimie Mama Zuhura na watoto, na mzee wako umwambie dawa ya mguu Bakari anakuja nayo.

Ni mimi,
Hamisi