Kwa Salum, kuhusu Apple na ile Septemba ya 2000

Ndugu yangu Salum,

Salamu nyingi, na za nyumbani pia. Umeuliza kama bei ya Cube, ile kompyuta ya Apple ya umbo la mchemraba, ndiyo iliyoziporomosha hisa za Apple mwaka 2000. Naona unaitwisha Cube mzigo ambao si wake wote.

Bei ilikuwa mbaya, hilo halina ubishi. Cube iliuzwa dola 1,799, na monita unainunua peke yake. Kando yake kulikuwa na Power Mac G4 ya dola 1,599, yenye kasi ndogo kidogo lakini yenye nafasi tatu za kuchomeka kadi za PCI, zile za kuiongezea kompyuta uwezo. Cube haikuwa na hata moja. Kilichouzwa pale ni umbo: mchemraba ndani ya plastiki angavu, bila feni, unauwasha kwa kuugusa tu kwa kidole. Kisha wanunuzi wakaona mistari kwenye ile plastiki, wakadhani imepasuka. Apple ikasema ni alama za kalibu iliyomiminiwa plastiki. Aliyeongeza dola 200 kwa ajili ya uzuri, jibu hilo litamtulizaje?

Lakini lirudie tangazo la Apple la Septemba 28, lililoonya kuwa faida itakuwa chini ya matarajio. Limetaja pia mauzo ya shule kuwa chini ya matarajio, na hapo ndipo penye jeraha. Septemba ni msimu wa shule za Marekani kununua, na Apple ilikuwa imetoka tu kuwaondoa mawakala wa nje na kuweka wauzaji wake yenyewe. Biashara ya shule ni ya kujuana. Ukimbadilisha muuzaji katikati ya msimu, oda inakwama. Kesho yake baada ya tangazo lile, hisa ikashuka kutoka dola 53.50 hadi 25.75.

Wanaobishana juu ya bei husahau kuuliza mashine ziko wapi. Kompyuta ikishafika kwa muuza duka, kampuni imeshaandika mauzo, hata kama boksi halijafunguliwa. Robo ya mwisho ya mwaka ule, yaani Oktoba hadi Desemba, ilianza na bidhaa za kutosha kuuzwa kwa zaidi ya wiki 11 zimelala kwa wauzaji. Ili zitoke, ilibidi kutoa punguzo na kupeleka mzigo mpya kidogo tu. Akiba hiyo ikashuka hadi kama wiki 5 na nusu, lakini mapato ya robo yakawa dola bilioni 1 hivi, wakati robo kama hiyo ya mwaka uliotangulia yalikuwa bilioni 2.3, na hasara ya dola milioni 195. Kwangu mimi, hasara ile ilikuwa dawa chungu ya lazima.

Sasa thamani. Chukua fedha taslimu za Apple, kama dola bilioni 4, toa deni la milioni 300, gawanya kwa hisa zipatazo milioni 335. Unapata kama dola 11 kwa hisa. Mwaka ulifungwa hisa ikiwa dola 14.88, maana yake biashara nzima, jina, kiwanda na programu, ilikuwa inauzwa kwa chini ya dola 4 kwa hisa. Hapo ndipo mnunuzi wa hisa alipaswa kukaza macho, kuliko kwenye bei ya Cube.

Ukichora grafu yako ya bei ya hisa, kumbuka kila hisa iligawanywa kuwa mbili mwaka 2005, kuwa saba 2014 na kuwa nne 2020. Hisa moja ya wakati ule leo ni 56, kwa hiyo ile 25.75 utaikuta imeandikwa senti 46. Usije ukalinganisha namba hizo na za magazeti ya zamani.

Nitumie hesabu zako za robo iliyofuata, nami nitazipitia.

Wako,
Hamisi