Ruzuku za data za macho zilipie pia usafishaji

Ndugu Mhariri,

Si kila utafiti wa upofu unahitaji wagonjwa wapya. Mwaka 2005 jeni ya CFH ilihusishwa na kuharibika kwa kitovu cha retina (utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga) uzeeni, kwa kulinganisha wagonjwa 96 na watu 50 wasiougua. Wote walitoka AREDS, jaribio la vitamini na zinki lililoanza Marekani mwaka 1992. Idadi ndogo hivyo ilitosha kwa sababu, pamoja na ukubwa wa athari ya jeni yenyewe, picha za retina zilikuwa zimesomwa na wataalamu kwa kigezo kimoja.

Majalada ya kliniki hayako hivyo. Tunaunga mkono ruzuku za kutumia upya data za afya, ila bajeti zake nyingi hupangwa kana kwamba data iko tayari, bila fedha za kuisafisha, yaani kuiweka kwenye mfumo mmoja na kuondoa kasoro.

Chukua kipimo cha kawaida kabisa, ukali wa kuona. Jicho moja limeandikwa 6/12 (kwa mita 6 linaona kile ambacho jicho zima huona kwa mita 12), jingine 0.5 (ndiyo 6/12 kwa desimali), la tatu “anahesabu vidole”, na mara nyingi haijulikani kama mgonjwa alivaa miwani. Vipimo hivi hugeuzwa kwanza kuwa logMAR, mizani ya logi ya ukali wa kuona, ambamo 6/6 ni 0 na 6/60 ni 1. Ukiruka hatua hiyo, wastani wa 6/6 na 6/60 hutoka 0.55, yaani karibu 6/11. Kwa logMAR ni 0.5, karibu 6/19. Kwa ule wastani wa kwanza, mgonjwa mwenye tatizo anahesabiwa kuwa anaona vizuri kiasi. Kosa jingine, la kizembe zaidi, ni kuhesabu macho 2,000 ya watu 1,000 kama ushahidi 2,000 unaojitegemea: macho mawili ya mtu mmoja hufanana, na matokeo huonekana ya uhakika kuliko yalivyo.

Data za bima zina ila yake. Nchini Marekani, misimbo ya magonjwa ya ICD-9 iliyotumika hadi Septemba 2015 haikuonyesha jicho la kulia au la kushoto. Huwezi kujua kama glakoma na upasuaji wa mtoto wa jicho vilikuwa kwenye jicho lile lile. Unene wa retina nao hutofautiana kati ya mashine za OCT (zinazopiga picha za matabaka ya retina kwa mwanga), kwa kuwa kila kampuni huchora mpaka wa chini wa retina mahali pake. Kuchanganya namba hizo bila marekebisho ni kupima mashine, si wagonjwa.

Kwa hiyo, kabla ya kutoa fedha zote, mfadhili adai jaribio dogo: majalada 200 yaliyochaguliwa kwa bahati nasibu, yasomwe na watu wawili kila mmoja peke yake, na ieleweke ni mangapi yana kipimo, upande wa jicho na hali ya miwani. Yasiyo na kipimo yachunguzwe pia, maana anayeona vibaya hurudi kliniki mara nyingi kuliko anayeona vizuri, hivyo majalada yenye vipimo huenda yasiwakilishe wagonjwa wote. Nusu ya muda wa mradi kwenda kwenye usafishaji si anasa.

Kuhusu faragha, kufuta jina hakutoshi. Faili ya picha mara nyingi hubeba tarehe ya kuzaliwa ndani yake. Programu ya kugeuza vipimo nayo itolewe hadharani pamoja na matokeo, ili atakayeomba data ile ile baadaye asilipwe kuisafisha upya.

Wasomaji wenu,
Watafiti wa takwimu za afya ya macho