Barua kwa Shabani: miaka ya ada bila hata asante

Kwako Shabani,

Salamu nyingi, na pole kwa yale makato. Swali lako nimelisoma mara mbili: mtu aliyelipia PlayStation Plus, uanachama wa kulipia wa konsoli za Sony, mfululizo tangu enzi za PS4, bila kuruka hata mwezi mmoja, hastahili kitu cha ziada kuliko aliyejiunga jana? Anastahili. Ila hizo pointi na beji unazotaka kuwadai Sony ndizo ningeziweka mwisho kabisa.

Tuanze na ada yenyewe, maana hapo ndipo utetezi wa kampuni unapochechemea. Tunaambiwa ada inagharamia seva. Haya, kwenye PS3 kucheza mtandaoni kulikuwa bure. PS4 ilipotoka Novemba 2013, kwa michezo mingi mlango ukafungwa mpaka uwe na Plus. Kwenye kompyuta, duka la michezo la Steam halikutozi kitu kucheza na wenzako. Na michezo mingi inaendeshwa kwenye seva za waliotengeneza mchezo, si za mwenye konsoli, au mashine za wachezaji zinaunganishwa zenyewe kwa zenyewe. Kwa hiyo sehemu kubwa ya unacholipia ni ruhusa ya kupita. Na kukupitisha wewe, mteja wa mwaka wa kumi, hakuhitaji tangazo wala ofa ya kukuonjesha. Wewe ndiye mteja wasiyemtolea jasho, na ndiye unayelipa bei kamili, kwa sababu punguzo nzito mara nyingi huwekewa sharti la kuwa mgeni au uanachama wako uwe umekatika.

Tazama Septemba 2023. Sony walipandisha bei ya Plus, lakini kupanda huko kuliwekwa kwenye vifurushi vya miezi 12. Kwa bei za Marekani, kile cha Essential, daraja la chini, kilitoka dola 59.99 hadi dola 79.99. Cha mwezi kikabaki 9.99, cha miezi mitatu 24.99. Yaani anayejaribu mwezi mmoja na kuondoka hakuguswa. Aliyekubali kujifunga mwaka mzima ndiye aliyekatwa. Kulipa kwa mwaka kulibaki nafuu, kwa kuwa miezi 12 ya 9.99 ilikuwa dola 119.88, ila nafuu yenyewe ilishuka kutoka karibu dola 60 hadi karibu dola 40. Hiyo ndiyo hoja ya kuiweka mstari wa kwanza wa barua yako kwao, si habari ya kutokupewa beji.

Sasa linganisha na Xbox. Januari 2021 Microsoft walitangaza bei mpya ya Xbox Live Gold, uanachama wao wa kucheza mtandaoni, dola 59.99 kwa miezi 6, wakati miaka yote watu walizoea kulipa kiasi hicho kwa mwaka. Watu waliwaka, na tangazo likafutwa kabla siku haijaisha. Lakini ndani ya tangazo hilo baya mlikuwa na kipengele kimoja kizuri ambacho wengi walikipita: waliokuwa tayari na kifurushi cha miezi 6 au 12 wangeendelea na bei yao ya zamani kila wanapohuisha. Kwangu hiyo ndiyo zawadi ya uaminifu iliyo safi kuliko zote. Haina pointi za kuhesabu, haina tarehe ya kuisha iliyofichwa kwenye maandishi madogo. Bei uliyoingia nayo ni yako maadamu hujaondoka.

Pointi, kwa upande wake, zina maradhi matatu. Kwanza, hulipa matumizi, si muda. Chukua pointi za dhahabu za My Nintendo, mpango wa zawadi wa Nintendo: ukinunua mchezo wa kidijitali ulipata asilimia 5, na pointi moja ilikuwa na thamani ya senti moja. Mchezo wa dola 60 ulikupa pointi 300, yaani dola 3. Aliyenunua michezo sita kwa mkupuo alimpita mbali mwanachama wa miaka sita anayecheza mchezo mmoja tu. Huo ni uaminifu kwa duka. Pili, pointi huoza: zile za Nintendo ziliisha baada ya miezi 12. Tatu, mwenye mpango huufunga anapotaka. Nintendo waliacha kuzitoa kwa manunuzi ya kidijitali Machi 2025. PlayStation Stars, mpango wa pointi wa Sony ulioanza 2022, ulifunga mlango kwa wanachama wapya Mei 2025, na tarehe ya kuuzima mpango wote ikapangwa Novemba 2026. Mtu anaweza kuambiwa "tumia ulichonacho kabla ya tarehe fulani" na hana pa kushitaki, kwa kuwa masharti aliyoyakubali yanaruhusu hivyo.

Kuna kosa la upande wa pili pia: zawadi yenye nguvu mno. Ultima Online, mchezo wa mwaka 1997, uliwapa wakongwe zawadi kila akaunti ilipotimiza mwaka. Nyingi zilikuwa mapambo, lakini moja iligusa mchezo wenyewe. Jumla ya ujuzi wa mhusika ilikuwa na kikomo cha pointi 700, na umri wa akaunti ukaongeza 5 kila mwaka hadi kufika 720. Pointi 20 kwa kuzisikia ni kidogo. Lakini weka wachezaji wawili waliosawazisha kila kitu, mmoja akiwa na nafasi ya kukamilisha ujuzi ambao mwenzake lazima aupunguze, uone. Mgeni hawezi kulifuta pengo hilo kwa juhudi; dawa ni kusubiri miaka minne huku akilipa. Zawadi ya namna hiyo huwafukuza wageni, na mchezo wa mtandaoni usio na wageni humfia mkongwe mkononi. Kwa hiyo ukiandika, sema wazi kwamba hutaki kitu cha kukupa ushindi. Watakusikiliza zaidi.

Beji sina ugomvi nazo. Xbox waliwahi kuonyesha kwenye wasifu wako idadi ya miaka uliyolipia Gold, namba tu, na watu waliithamini. Ni heshima isiyo na gharama. Ila heshima hailipi ada.

Siku za ziada ndizo zilizo karibu na haki, na kampuni zinajua kuzitoa zikibanwa. Mtandao wa PlayStation ulipodukuliwa Aprili 2011 ukalala zaidi ya wiki tatu, fidia ilitofautisha watu: asiyekuwa na Plus alipewa siku 30, aliyekuwa nayo akaongezewa 60, pamoja na michezo miwili ya kuchagua. Mtandao ulipozimika kwa karibu siku nzima Februari 2025, wanachama wa Plus waliongezewa siku 5. Mtambo wa kusogeza mbele tarehe ya mtu ya kuisha upo, basi. Kumwongezea mwanachama siku 7 kila anapotimiza mwaka ni kazi ya mfumo uleule, na aliyejiunga jana hawezi kulalamika kwamba amedhulumiwa.

Hata hivyo, jiandae kwa hoja moja watakayokurudishia, na ina ukweli: si kila anayelipa muda mrefu ni mwaminifu. Wengine wamesahau tu. Uanachama hujihuisha wenyewe, kadi inakatwa, konsoli imejaa vumbi. Nchini Uingereza mamlaka ya ushindani na masoko, CMA, ililifuatilia jambo hili, na mwaka 2022 kampuni zote tatu zikabadili mwenendo. Microsoft waliahidi kuwatafuta wanaolipa bila kucheza, na Sony vilevile. Nintendo wakaacha kuuza uanachama wao huku kujihuisha kukiwa kumewashwa tangu mwanzo. Ndiyo maana zawadi ya haki inapaswa kuhesabu miezi uliyolipa na pia ukaingia kucheza. Vinginevyo tutakuwa tunawatunza waliosahau kwa kusahau kwao.

Watakuambia pia kwamba ile michezo ya kila mwezi ndiyo zawadi yako. Hapo kuwa mkali. Michezo uliyoichukua kupitia Plus ni rehani: siku uanachama unapoisha, kila mmoja unawekewa kufuli, hata kama umeupakua na upo kwenye diski. Ukilipa tena, kufuli linatoka. Microsoft, enzi za Games with Gold, yaani michezo ya kila mwezi ya wanachama wa Gold, waliwaachia watu ile ya Xbox 360 moja kwa moja hata baada ya kuacha kulipa, lakini ya Xbox One ikahitaji uanachama hai. Kitu kinachokuwa chako ilimradi unalipa ni sehemu ya huduma.

Lakini rehani hiyo ina upande unaokufaa wewe. Kwa kuwa michezo hurudi ukijiunga upya, kukatika wiki tatu hakufuti maktaba yako ya miaka. Unachopoteza katika pengo hilo ni kucheza mtandaoni kwenye michezo ya kununua (ya bure kama Fortnite haihitaji Plus), michezo ya mwezi huo ambayo hutaweza kuichukua baadaye, na mlango wa hifadhi ya wingu, yaani kumbukumbu za ulipofikia mchezoni zinazotunzwa mtandaoni. Hifadhi zenyewe Sony hukuwekea miezi 6, Nintendo siku 180. Xbox hawatozi kwa hifadhi za wingu. Kwa hiyo mpaka wakupe zawadi, jipe mwenyewe.

Fanya hivi. Ingia kwenye mipangilio ya PS5, sehemu ya watumiaji na akaunti, fungua malipo na usajili, tafuta PlayStation Plus, uzime kujihuisha. Siku ulizokwisha kulipia hazipotei. Usisubiri siku ya mwisho, maana makato huweza kutangulia tarehe unayoiona. Acha angalau siku tatu. Kabla muda haujaisha, washa konsoli uhakikishe hifadhi zote zimepanda kwenye wingu. Hifadhi za michezo ya PS4 unaweza kuzinakili kwenye flashi. Za PS5 haziendi huko moja moja; tegemea wingu au nakala ya mfumo mzima kwenye diski ya nje. Wengi hukwama hapo, hasa wanaobadilisha konsoli katikati ya pengo. Kisha subiri ofa: Novemba wakati wa Black Friday, na katikati ya mwaka wakati wa Days of Play. Ukiwa umekatika, ofa nyingi unazostahili ni zile ulizokuwa ukinyimwa kwa kosa la kulipa kwa wakati.

Ukiona bei nzuri utatamani kulimbikiza miaka miwili au mitatu. Angalia mambo mawili. Ukiwa na miaka miwili ya Essential kisha ukataka Extra, daraja la juu yake, utadaiwa tofauti ya muda wote uliobaki kwa mkupuo. Huwezi kupandisha mwezi mmoja tu. Na kampuni ikibadili madaraja, siku zako hugeuzwa kwa kiwango wanachopanga wao. Julai 2023 Microsoft walibadili hesabu ya kuhamisha Gold kwenda Game Pass Ultimate, uanachama wao wa daraja la juu: siku 3 zikawa zinazaa siku 2. Mwaka mmoja mbele unatosha.

Mwenzako mwenye Switch mwambie asilipie peke yake. Uanachama wa familia wa Nintendo ulianza kwa dola 34.99 kwa mwaka kwa akaunti hadi 8, dhidi ya 19.99 ya mtu mmoja. Kwa bei hiyo, wakiwa wanne tu, kila mmoja hatoi hata dola 9.

Barua yako kwao ifanye fupi. Taja tarehe uliyojiunga kama inavyoonekana kwenye historia ya miamala, taja idadi ya miezi, kisha omba vitu viwili tu: bei ya kuhuisha isiyopanda kwa asiyekatika, na siku 7 kwa kila mwaka uliotimia na uliochezwa. Yale ya "familia yenu ya wachezaji" yafute. Historia hiyo inakili leo, kabla hujazima chochote, na rasimu ukishaiandika nitumie niipitie.

Nisalimie nyumbani.

Wako,
Faraja