Kuhusu kile kikopo cha H110

Kisumu, Jumapili jioni

Omera Ouma,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Sisi wazima. Mvua inanyesha karibu kila alasiri na njia ya kwetu Mamboleo ni matope matupu. Mama yako nilimwona kanisani, ana nguvu zake, anauliza tu mbona hupigi simu. Wafula naye amehamia Bungoma hatimaye. Mengine nitakupa siku nyingine, maana tangu tuongee Alhamisi kuna jambo limeninyima raha.

Ulisema umenunua rivolva ya risasi za .327 Federal pamoja na vifaa vya kujazia risasi, duka lilikuwa na baruti ya H110 pekee, na kwa vile Akinyi anaogopa teke la bastola utaweka nusu ya kipimo. Simu ikakatika hapo hapo. Ouma, tafadhali, usifanye hivyo.

Najua mantiki yako: baruti kidogo, teke dogo. Kwa baruti nyingi za bastola mtu huanza chini na kupanda polepole, nasi tulifanya hivyo miaka ile kwenye gereji ya Kiprono huko Idaho. H110 haikubali. Ni baruti ya vipunje vya duara vilivyopakwa dawa ya kuchelewesha moto, na ili iwake sawasawa inataka ganda lililojaa, fataki ya magnum (kiwashio cha kitakoni chenye moto mkali zaidi), mdomo wa ganda uliobanwa vizuri, na shinikizo kubwa. Ukiiachia nafasi tupu ndani ya ganda, moto wake hautabiriki. Kichwa cha risasi kinaweza kusukumwa hadi katikati ya mtutu kikakwama. Akinyi atasikia mlio hafifu, atafurahi kwamba teke limepungua, atavuta tena. Risasi ya pili itakikuta cha kwanza njiani, na mkono ulioshika bastola hiyo ni wa mke wako.

Hodgdon wenyewe, wanaoiuza, wameonya kwamba H110 isipunguzwe zaidi ya asilimia 3 chini ya kipimo walichochapisha. Asilimia 3, Ouma, wewe unasema nusu! Na ukikutana na kopo la Winchester 296 usidhani umepata suluhisho. Ni baruti ile ile, jina ndilo tofauti.

Nikuambie ningefanya nini mimi. Kwanza ningeamua risasi hizi ni za kazi gani, halafu ndipo niende dukani. Ukitaka nguvu zote za .327, H110 ni chaguo zuri, ijazwe kama kitabu kinavyosema. Lakini kumbuka kiwango cha juu cha shinikizo cha risasi hiyo ni psi 45,000 (pauni kwa inchi ya mraba), wakati .357 Magnum, ambayo kila mtu anaiogopa, ni 35,000. Kwenye mtutu mfupi utapata mwako na kishindo cha kumfukuza mwanafunzi siku ya kwanza.

Akinyi mnunulie maganda ya .32 H&R Magnum, ile ya mwaka 1984. Yanaingia kwenye silinda yako bila shida kwa sababu .327 ni ganda lile lile lililorefushwa, na shinikizo lake ni la chini sana. Hata .32 S&W Long ya zamani itaingia. (Kinyume chake hapana, .327 isiende kamwe kwenye bastola iliyotengenezwa kwa .32 H&R.) Usisahau tu kusugua chemba baadaye, maana ganda fupi huacha masizi mbele yake na .327 itakataa kuingia.

Humo kwenye H&R tumia baruti inayowaka haraka zaidi. Kiprono alipenda Unique, lakini hiyo ni ya vipande bapa, na kwa vipimo vidogo hivi haipiti kwenye kipimio kwa usawa. Mimi ningechukua HP-38. Inapimika vizuri na haihitaji ganda lijae. Hatari yake iko hapo hapo: kwa kuwa inachukua nafasi ndogo, ganda linaweza kupokea vipimo viwili na wewe usigutuke, hasa ganda jembamba kama hili. Kabla hujaweka kichwa hata kimoja, mulika tochi ndani ya kila ganda. Kila ganda, omera, hata kama watoto wanakuita mezani.

Hesabu za greni, yaani uzito wa baruti wa kila risasi, sikuandikii. Zitoe kwenye kitabu cha mwenye baruti, kwa uzito wa kichwa ulichonacho mkononi, wala usizichukue kwa jirani au kwangu. Na siku yoyote mkisikia mlio usio wa kawaida, simamisheni kila kitu, toeni risasi zote, mkague mtutu.

Nimeandika mengi kwa sababu huku sina wa kuongea naye mambo haya. Sheria ya Silaha, Sura ya 114, haimruhusu mtu kujitengenezea risasi nyumbani, na kiwanda cha risasi tunachokijua ni kile cha Eldoret. Odongo nikimtajia baruti anafikiri nazungumzia machimbo ya mawe.

Sasa nijibu haraka. Umeshajaza zozote? Kama umejaza kwa nusu, ziko wapi, na Akinyi anajua asiziguse? Fataki ulizonunua ni za kawaida au za magnum? Mzani wako umeukagua kwa uzito wa kupimia? Mtutu wa bastola una urefu gani? Kitabu unacho, au ulitegemea maneno ya yule muuzaji? Na mama yako utampigia lini, nimwambie nini Jumapili ijayo?

Wako,
Odhiambo