Gereji itangulie, mabasi ya umeme yafuate

Mheshimiwa Mhariri,

Assalamu alaykum. Nakuomba nafasi katika gazeti lako niseme neno kuhusu mabasi ya umeme yanayotarajiwa hapa Unguja. Kila ninayemsikia akiyazungumza husifu basi lenyewe: halina moshi, halina kelele, litapunguza gharama ya mafuta. Yote kweli. Lakini litalala wapi, na litafunguliwa na nani siku likigoma, hilo silisikii likitajwa.

Mimi ni fundi umeme wa magari. Nilianza mwaka 1989 kwa marehemu ami yangu, nikimshikia taa naye yuko chini ya gari ya shamba, na mpaka leo daladala za Bububu, Fuoni na Uwanja wa Ndege huja kwangu kwa stata, altaneta na taa. Kiganja changu cha kulia kina kovu, na kovu hilo ndilo linaloniandikisha barua hii.

Hoteli moja ya pwani ya mashariki iliniletea kigari cha umeme cha kuchukulia wageni na mizigo. Kilikuwa na betri nane za volti 6 zilizoungwa mfululizo, jumla volti 48. Nikaona volti 48 ni kitu gani, nami nimeshika betri miaka yote hii. Spana namba 13 ikaniponyoka, ikalala baina ya ncha mbili. Ilipiga cheche moja tu, ikagandia pale pale na kuiva nyekundu kama kaa. Nilipoibandua iliondoka na ngozi yangu.

Basi la umeme lina volti 400, mengine hupindukia 600. Na ukizima ufunguo hujazima betri. Yenyewe ingali hai ndani ya sanduku lake. Ndiyo maana gereji za mabasi hayo zina taratibu ambazo sisi hatujazizoea. Kwanza fundi huondoa kiungo cha kukata umeme mkubwa, hukifungia kwa kufuli na ufunguo hukaa naye mfukoni. Halafu husubiri dakika kadhaa, kwa sababu ndani ya mitambo mnabaki umeme uliohifadhiwa. Halafu hupima: mita huijaribu kwanza mahali anapojua pana umeme, ndipo apime basi, kisha airudishe tena pale pa mwanzo ahakikishe mita haijamdanganya. Huvaa glavu za mpira zinazokinga mpaka volti 1,000. Wala hafanyi kazi peke yake, pembeni husimama mwenzake na fimbo yenye ndoano isiyopitisha umeme, ili amvute akinaswa. Kwetu gereji nzima ina mita moja, tunaazimana.

Jengo nalo si hili letu. Gereji nyingi za hapa Mjini ni shimo la kuingilia chini ya gari na bati la kukinga jua. Mabasi mengi ya umeme yana betri juu ya paa, na sanduku moja tu la betri lina uzito wa mamia ya kilo. Fundi anahitaji jukwaa lenye vizuizi asianguke, na winchi ya juu ya kunyanyulia. Basi zima ni zito kuliko la dizeli la ukubwa wake, kwa hivyo jeki na sakafu za zamani hazitoshi. Oili ya injini haipo tena, na breki hudumu zaidi kwa kuwa mota yenyewe hupunguza mwendo na kurudisha umeme kwenye betri. Lakini matairi, upepo wa breki, sukani na viyoyozi bado hutaka matunzo, tena matairi huliwa haraka kwa ule uzito.

Nije kwenye umeme wenyewe. Chukua mabasi 20, kila moja limetumia uniti 200 kwa siku. Hizo ni uniti 4,000. Ukitaka yote yajae usiku kwa saa sita, unahitaji karibu kilowati 670 kwa mfululizo, na ule unaopotea njiani sijauhesabu. Kwa waya wa baharini wa megawati 100 unaotuletea umeme kutoka bara, uliofika Fumba mwaka 2013, hilo si zigo kubwa. Kwa transfoma ya mtaani ni balaa. Gereji itakuwa na transfoma yake na chaja zinazopokezana, si mabasi yote kuchomekwa saa mbili usiku wakati watu wanapika na kutizama televisheni. Na akiba iwepo. Wenye umri wangu wanakumbuka giza la Mei na Juni 2008, umeme ulipokatika kisiwa kizima, na lile la Disemba 2009 mpaka Machi 2010. Miezi ile nilikuwa na jenereta ndogo, watu wakipanga foleni kuchaji betri za gari wapate taa moja ya ndani. Wakati ule daladala zilitembea, kwa sababu zinakula dizeli. Mabasi ya umeme yangelala.

Pahala pia pachaguliwe. Nani asiyejua maji ya masika yanavyosimama Mwanakwerekwe? Karakana ya mabasi ya mwendokasi ilijengwa Jangwani, Dar es Salaam, na mafuriko ya mto Msimbazi yakaingia mara kwa mara. Chaja ziwekwe juu ya msingi mrefu. Chumvi ya bahari nayo hula kila kiungo cha waya hapa kisiwani. Mimi nafungua plagi za miaka miwili nazikuta kijani. Na kuwe na uwanja wa wazi, mbali na majengo, wa kuliweka basi lililogongwa betri, kwani betri za lithiamu zikishika moto hutaka maji mengi sana, na huweza kuwaka tena saa nyingi baada ya kuzimwa.

Mwisho ni watu. Tuna kituo cha Mafunzo ya Amali Mwanakwerekwe, tuna chuo cha Karume cha sayansi na teknolojia kule Mbweni. Somo la umeme mkubwa wa magari lianze huko sasa, na mafundi wa mitaani tusiachwe nje kwa kukosa cheti, maana tukiachwa, wataletwa wageni, nao wakiondoka basi litabaki juu ya mawe.

Kijana wangu mmoja gerejini ana miaka 22. Kufuata waya anajua kunishinda mimi, na cheti chake kimeishia darasa la kumi. Naomba apate kiti katika darasa la mwanzo, kabla meli yenye mabasi haijafunga gati Malindi.

Wako,
Fundi umeme wa magari,
Amani, Unguja