Polisi anga si urubani peke yake

Mhariri,

Assalaam alaykum. Ni msomaji wenu wa miaka mingi na sijawahi kuwaandikia, lakini makala yenu kuhusu Kikosi cha Polisi Anga imenishinda kuinyamazia. Mlitoa picha kubwa ya helikopta, mkamsifu rubani, kisha mkawaambia vijana wa Unguja na Pemba wachangamkie nafasi. Waingie kwa mlango gani, hamkusema. Wiki ile ile kijana wa jirani hapa Jang'ombe kauziwa "fomu ya polisi anga" kwa shilingi elfu hamsini na mtu anayejiita wakala, na ukurasa wenu ndio uliokuwa ushahidi wake.

Fomu hiyo haipo. Polisi anga ni kikosi ndani ya Jeshi la Polisi, na mtu huanza kwa kuwa askari. Husubiri tangazo la ajira, hutuma maombi bila kulipa hata senti, huitwa kwenye usaili, akichaguliwa huenda depo Moshi. Mambo ya ndege huja baada ya hapo, kwa taaluma aliyoingia nayo au kwa kupangiwa. Kwa hiyo kijana aliye skuli leo akazane na hisabati, fizikia na Kiingereza, na asidharau ufundi. Ufundi wa ndege unasomeshwa Dar es Salaam, Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, na helikopta moja ina haja ya mafundi wengi kuliko marubani. Inayoruka juu ya bahari hula chumvi: injini isipooshwa kwa maji yasiyo na chumvi, kutu huanzia pale jicho lisipofika, kwenye viungo vya mapanga na nyaya za umeme. Picha yenu haikuwa na fundi hata mmoja.

Anayetaka urubani wenyewe ajue kiwango cha kimataifa. Leseni ya kurusha helikopta kibiashara inataka saa 150 za kuruka, au 100 akisoma kozi kamili iliyoidhinishwa. Umri usipungue miaka 18. Kiingereza cha redio kifike ngazi ya nne. Na cheti cha afya kiwe cha daraja la kwanza. Hicho cha afya ndicho cha kuanza nacho, kabla ya ada yoyote. Mzazi asiuze shamba la mikarafuu halafu mtoto aje kugundulika hatofautishi nyekundu na kijani.

Sasa nifike pale paliponiudhi hasa. Mwandishi wenu ameandika kuwa helikopta "inafika na kuona kila kitu". Haioni kila kitu, na katika visiwa vilivyozika watu wa MV Spice Islander, Septemba 2011, na wa MV Skagit, Julai 2012, ni hatari kuwaaminisha watu hivyo. Rubani kazi yake ni kuiweka helikopta pale inapotakiwa. Kazi ya kipolisi huifanya mtazamaji aliyekaa pembeni yake au nyuma, mwenye ramani, kamera na redio mbili tatu zinazosema kwa pamoja. Kichwa cha mtu baharini, ukiwa juu futi 500, ni kama nazi inayoelea, na mwanga wa jua ukipiga majini hata nazi huioni. Piga hesabu. Mkondo wetu huenda kaskazini mwaka mzima, na msimu wa kusi hupata nguvu zaidi. Dau lililozima mashine kwenye mkondo wa noti tatu (maili tatu za baharini kwa saa), baada ya saa mbili liko maili sita za baharini kutoka lilipoonekana mwisho, yaani kilomita 11. Usipojua mkondo na upepo vimelipeleka upande gani, duara la kutafuta lina zaidi ya maili 110 za mraba. Helikopta iendayo noti 80, ikipita mistari iliyoachana nusu maili, hupekua maili 40 za mraba kwa saa. Hiyo ni karibu saa tatu za kutafuta tu, na helikopta ndogo mafuta yake ni ya saa mbili au tatu, humo humo ukitoa safari ya kuja na kurudi. Ikitoka Dar es Salaam, kilomita kama 75 zimekwisha kabla ya kufika mjini Unguja. Ndiyo maana simu ya kwanza kwa 112, namba ya dharura, ina thamani kuliko mafuta: saa ngapi chombo kimeonekana mwisho, mkabala na kijiji gani, rangi gani, watu wangapi, mashine inafanya kazi au imezima, upepo unatoka wapi. Na waliomo majini wasikiache chombo kilichopinduka, maana ubavu wa dau huonekana mbali kuliko mtu.

Na hizi droni! Jioni Forodhani na Nungwi kila mwenye simu ya bei anarusha yake, wala haulizi kama ana kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Helikopta ya polisi hupita chini kwa sababu ya kazi yake. Droni ya kilo moja ikigonga panga la mkia, rubani hupoteza uwezo wa kuizuia helikopta isizunguke. Mnazipigia debe picha zao za machweo kila Jumapili.

Ninachoomba ni hiki. Tengeni robo ukurasa, mchapishe njia ya kuingia polisi kama ilivyo, na mstari wa kwanza useme maombi hayalipiwi. Chini yake wekeni yale maswali sita ya kuripoti chombo kilichopotea, kwa herufi kubwa. Karatasi hiyo ibandikwe ofisi za masheha wa shehia zote za pwani, na kwenye madiko ya Malindi, Nungwi, Mkoani na Wete, mahali wavuvi wanapopanga foleni ya barafu.

Msomaji wenu,
Jang'ombe, Unguja